Maswali ya Wasomaji: "Sorosoro", neno la kunyanyukia

Katika toleo lililopita msomaji mmoja aliuliza Wajapani huagana vipi, nami nikalitaja neno "sorosoro" kwa mstari mmoja nikapita. Sikutenda haki kupita haraka hivyo. Barua zilizokuja zinaonyesha kwamba neno hilo limewafikia wengi wenu kwa njia nisizozidhania, na limewatatiza. Nimechagua barua tano. Irabu ndefu za Kijapani nimeziandika kwa kurudia herufi, kama tunavyoandika "kondoo". Kutamka hakutatupa shida, maana a, e, i, o, u zao ni kama zetu.

Shikamoo mama. Mimi ni mwongoza wageni hapa Moshi. Nilianza kama mgumu wa kubeba mizigo, sasa nina miaka kumi na moja mlimani. Mwezi wa pili nilipandisha wazee sita wa Kijapani kwa njia ya Machame. Njia nzima nawaambia "polepole", wao wananijibu "sorosoro", tunacheka. Kitabu changu kidogo cha maneno nacho kinasema sorosoro ni polepole. Usiku wa kilele, kambi ya Barafu, walikuwa wamekaa kwenye hema la kulia, wamevaa kila kitu. Saa tano na nusu mkubwa wao akasema, "Sorosoro desu ne." Nikamjibu, "Ndiyo, sorosoro," nikawaongezea chai. Baada ya dakika kumi akarudia. Nikaongeza chai. Mara wakasimama wote kwa pamoja wakatoka nje kimya. Sijawahi kuona wageni wakimtangulia kiongozi wao kutoka hemani usiku ule. Nilikosea wapi? (Mwongoza wageni, Moshi)

Marahaba, mwanangu. Mzee yule hakuwa akizungumzia mwendo. Alikuwa anakuambia, "Wakati umewadia, tunyanyuke." Alikuambia mara mbili, na mara zote mbili ukamjibu kwa birika.

Lakini kitabu chako hakikudanganya, na hapa ndipo ninapolipenda neno hili. Sorosoro ni tanakali, mojawapo ya yale maneno ya Kijapani yanayorudiwa ili kuchora jinsi kitu kinavyokwenda, kama sisi tunavyosema maji yanadondoka ndo, ndo, ndo. Zamani lilichora mwendo wa mtu anayetembea taratibu bila kishindo, nyayo zikiteleza sakafuni. Katika kyoogen, michezo ya jukwaani ya kuchekesha yenye umri wa miaka kama mia sita, mtumishi anayetumwa mahali huwageukia watazamaji akasema, "Mazu, sorori sorori to mairoo." Yaani, "Haya, kwanza twende polepole." Kisha huzunguka jukwaa mara moja tu, na mzunguko ukiisha ameshafika alikotumwa. Basi ulipowaambia wazee wako "polepole" wakakurudishia "sorosoro", mlikuwa mmekutana kwenye mzizi wa neno.

Siku hizi mwendo huo umetoka kwenye miguu ukahamia kwenye wakati. Jambo likiwa sorosoro, maana yake limekuwa likitusogelea bila kelele, tulijua tangu mwanzo kwamba linakuja, na sasa limefika karibu kiasi cha kutulazimu tujiweke sawa. Ndiyo sababu neno hili halifungwi na saa. Nilipokuwa Osaka, mwishoni mwa Mei majirani walikuwa wakisalimiana "Sorosoro tsuyu desu ne", yaani msimu wa mvua ndio huo unabisha hodi, na mvua yenyewe ikaja baada ya wiki mbili. Mtu yuleyule jioni alisema sorosoro akimaanisha dakika tano. Mwenye nywele zilizomfika mabegani akijitazama kwenye kioo husema, "Sorosoro kami o kiranai to," sasa hizi nikazikate. Ukitaka kulijua neno hili, usiulize zimebaki dakika ngapi. Uliza kama wanaongoja wameshakuwa tayari. Wazee wako walikuwa wamevaa kila kitu.

Kwa sababu hiyohiyo, halitumiki kwa jambo lililokwisha, wala kwa jambo la ghafla ambalo hakuna aliyelitarajia. Radi haipigi sorosoro.

Sasa sikiliza ile "ne" ya mwisho, maana ndiyo iliyobeba mzigo. "Desu ne" humwomba msikilizaji aafiki, kama sisi tunavyomalizia na "au siyo?" Ninavyowajua wazee wa Kijapani, hawapendi kuwa wa kwanza kusimama mbele ya mtu waliyemkabidhi roho zao, tena kwenye mlima wa mita 5,895. Yule mzee alikuletea neno hilo ili wewe, kiongozi, useme "twende". Alikupa heshima. Ulipoijibu kwa chai, alikaa dakika kumi nyingine akiamini labda una sababu unayoijua wewe ya kuchelewa. Akakuletea tena. Mara ya tatu hakukuwa na neno tena, ikabaki miguu.

Safari ijayo, ukilisikia tu, vaa taa yako ya kichwani, simama, sema, "Hai, sorosoro ikimashoo." Ikimashoo ni twende. Utaona watakavyoinuka.

Na usidhani ni jambo geni kwako. Mkiwa stendi hapo Moshi, mmoja akasema, "Jamani, tuanze kusogea mdogo mdogo," hakuna anayefikiri anaambiwa apige hatua ndogo. Kila mtu anainuka na kutafuta begi lake. "Mdogo mdogo" hiyo ndiyo tafsiri ya sorosoro niipendayo kuliko zote, na ningefurahi waandishi wa vitabu vya maneno wangeiandika.

Mama, habari za kazi. Naendesha teksi Dar, gari langu limetoka Japani. Kila asubuhi nikiliwasha kuna dada anasema maneno marefu yanayoishia na "imasen". Abiria mmoja aliniambia tafsiri yake ni "muda umefika, twende kazini". Mwaka wa nne huu namwitikia "haya, twende". Sasa nimesoma kwako habari za maneno ya wakati umefika, nimeona niulize. Ni kweli? (Dereva, Dar es Salaam)

Njema, mwanangu. Abiria hakukuambia kweli. Dada anasema, "ETC kaado ga soonyuu sarete imasen," kadi ya ETC haijachomekwa. Kwenye barabara kuu za kulipia huko kwao, dereva huchomeka kadi hiyo kwenye kifaa cha ndani ya gari, na akifika getini kizuizi hujifungua bila yeye kusimama wala kutoa hela. Gari lako limevuka bahari, bado linaomba kadi ya barabara zake za zamani. Hakuna neno la wakati humo.

Neno la wakati wangekuambia kama ramani ya kifaa chao ingefanya kazi Dar. Ukikaribia kona ungesikia, "Mamonaku, migi hookoo desu," hivi punde, upande wa kulia. Mamonaku ukilipasua ni "hata nafasi katikati haipo". Ni neno la tangazo. Utalisikia kwenye kila jukwaa la treni: "Mamonaku, ni-bansen ni densha ga mairimasu," punde treni itaingia njia namba mbili, na unaombwa urudi nyuma ya mstari wa njano. (Mstari huo wenye vinundu, unaowaongoza wasioona, ulizaliwa Japani. Seiichi Miyake ndiye aliyeubuni, na matofali ya kwanza yaliwekwa Okayama mwaka 1967. Kila nikiyaona matofali hayo kwenye kituo cha basi mahali popote duniani, moyo wangu hurudi Okayama.) Ndani ya ndege inayoanza kushuka utalisikia pia. Mamonaku husemwa na mwenye ratiba, akiwaambia wengi asiowajua. Mke hamwambii mumewe mamonaku. Atamwambia "moo sugu", sasa hivi tu, karibu.

Tofauti na sorosoro ni hii. Mamonaku na moo sugu zinakupa habari ya kitu kilicho karibu, na unaweza kuendelea kukaa. Sorosoro inakutaka ufanye kitu. "Basu wa moo sugu kimasu": basi liko karibu. "Sorosoro basu ga kimasu yo": basi lisije likakukuta hujavaa viatu.

Assalaam aleikum. Nimesoma maelezo yako ya toleo lililopita, na nasema wazi kwamba hayakuniridhisha. Mtu akitaka kwenda na aseme "nakwenda", aombe ruhusa, apewe. Hizi sorosoro ni kuzungusha maneno, na kwangu huo ni unafiki uliopakwa asali. Nimesikia pia kwamba watu wa Kyoto humkaribisha mgeni wali wa kumwagiwa chai, kumbe ndiyo wanamfukuza. Haya ni ya kweli? (Mzee, Mombasa)

Waaleikum salaam, mzee wangu, na shikamoo. Niruhusu nisikubaliane nawe, kwa heshima zote.

Tuanze nyumbani kwa Mjapani. Mgeni anakaa sawa, anaweka kikombe chini, anasema, "Ja, watashi wa sorosoro..." na sentensi inaishia hapo. Basi, mimi sorosoro... Kitenzi hakitajwi. Hataki neno "naondoka" liwe kitu cha kwanza kuwekwa mezani mbele ya mtu aliyemkaribisha. Akitaka kuikamilisha kwa adabu atasema, "Sorosoro oitoma shimasu," na hilo "itoma" ni ruhusa hasa, ruhusa uliyoitaja wewe. Mwenyeji hujibu, "Mada ii ja nai desu ka," bado mapema, mbona? Mgeni hukaa dakika chache, kisha husema tena, "Hontoo ni, sorosoro," kweli sasa. Wanainuka wote. Mlangoni, pale viatu vinapovuliwa, mazungumzo huanza upya, mgeni kashika kiatu kimoja mkononi. Mwenyeji hutoka nje na kusimama mpaka mgeni apinde kona, na mgeni mwenye malezi hugeuka pale konani akainama mara ya mwisho.

Sasa niambie, mzee wangu. Mgeni wako wa alasiri anapopangusa magoti akasema, "Haya, naona niwaache mpumzike," ni kweli amekuoneni mmechoka? Nawe unapomwambia, "Mbona mapema hivyo, kaa japo ukanywe kahawa," ni kweli hujui kama adhana ya magharibi imekaribia? Halafu unavaa makubadhi unamsindikiza, na pale kwenye kona ya mtaa mnasimama nusu saa nyingine mkiongea yale ambayo ndani hamkuyafikia. Huo nao ni unafiki? Mimi nauita uungwana. Kukatisha mazungumzo ni kumkata mtu, na neno kama sorosoro ni namna ya kukata bila kisu.

Nililijua hili kwa wanafunzi. Nilipokuwa Osaka nilikuwa nikisaidia mazoezi ya mazungumzo kwenye chuo cha lugha za kigeni kule Minoh, ambacho tangu mwaka 2007 ni sehemu ya Chuo Kikuu cha Osaka. Kiswahili kinafundishwa pale kama somo kamili, na vijana wa Kijapani hukisoma kwa miaka minne. Siku moja nilifunga kitabu nikasema, "Haya, naona nisogee." Binti mmoja aliandika neno hilo, akainua kichwa, akauliza kwa umakini kabisa, "Unasogea sentimita ngapi?" Nikamweleza kwamba ninakwenda kupanda basi. Darasa zima wakaangaliana, kisha wakasema kwa pamoja: "Aa, sorosoro!" Nilirudi nyumbani siku hiyo nimejifunza neno lao, nao langu, na hakuna aliyefungua kamusi.

Kuhusu Kyoto. Wali wa kumwagiwa chai huko huitwa bubuzuke, na kisa cha mwenyeji anayeutaja ili mgeni ajue ni saa ya kuondoka kinasimuliwa sana, hasa na watu wasiokaa Kyoto. Mimi niliingia nyumba nyingi za huko miaka ile na sikuwahi kuambiwa hivyo hata mara moja. Lakini ndani ya kisa kuna jambo la kweli ambalo wasimulizi hulipita: mwenyeji hawezi kusema sorosoro. Sorosoro ni neno la anayeondoka. Mwenyeji akilisema kwa mgeni, amemfungulia mlango. Kwa hiyo mwenyeji anatafuta njia nyingine, na ya kawaida ni swali: "O-jikan, daijoobu desu ka?" Muda wako uko sawa?

Swali hilo niliulizwa mwaka wangu wa kwanza, nyumbani kwa mama wa rafiki yangu huko Takarazuka. Niliona ni ukarimu, nikajibu "daijoobu desu", uko sawa, nikaendelea kusimulia habari za Tanga. Baadaye akaniuliza tena, safari hii akitaja treni. Daijoobu. Mara ya tatu hakuuliza. Alikwenda chumbani akatoa godoro na shuka safi, akanitandikia, maana treni ya mwisho ilikuwa imeshaondoka. Asubuhi alinipikia samaki na supu ya miso, na uso wake haukuwa na dalili hata ndogo ya kuudhika. Nilielewa miezi mingi baadaye, nilipomsikia akimuuliza mgeni mwingine swali lilelile, na mgeni akanyanyuka papo hapo. Nilimwandikia barua ya kumwomba radhi. Nasimulia haya ili kijana wetu anayekwenda huko asilale kwenye godoro ambalo halikupangwa.

Mwisho kwako, mzee wangu: wapo pia Wajapani wanaosema waziwazi. Watu wa Osaka mahali pa sorosoro mara nyingi hutumia "bochibochi". "Hona, bochibochi iko ka," haya, twende zetu. Bochibochi hiyohiyo ni jibu maarufu la wafanyabiashara wa Osaka: ukimuuliza mtu "mookarimakka", biashara inalipa?, atasema "bochibochi denna", hivyo hivyo, mdogo mdogo. Na mama wa Kijapani aliyemwamsha mtoto mara tatu hana habari na sorosoro tena. Atasema, "Ii kagen okinasai!" Imetosha sasa, amka! Nadhani mama huyo mngepatana.

Mwalimu, naomba kwa kifupi tu: sorosoro, iyoiyo na tootoo zinatofautianaje? Zote kamusi yangu inazieleza kwa "sasa" na "mwishowe". (Mwanafunzi, Unguja)

Mfikirie dada yako mja mzito. Mwezi wa nane ukiisha, shangazi anahesabu vidoleni na kusema sorosoro: nguo za mtoto zifuliwe, mfuko uandaliwe. Usiku uchungu umeanza, gari liko mlangoni, hapo ni iyoiyo: ndiyo hiyo saa yenyewe, moyo unadunda. Iyoiyo haisemwi kwa baridi. Inamfaa mtu wa kesho mtihani, kesho harusi, pazia linafunguka. Mtoto akishazaliwa ndipo unaposema tootoo, au tsuini: hatimaye.

Jihadhari na tootoo. Inabeba ule muda wote uliongojwa, na mwisho wake unaweza kuwa wa huzuni. "Tootoo konakatta": tulingoja, tulingoja, na hakuja.

Mwalimu, hujambo? Mimi ni msichana wa Nakuru, najifunza Kijapani ili niende kutunza wazee. Kwenye zoezi la kusikiliza, bibi mmoja katika kituo ambako wazee hushinda mchana alisema, "Watashi mo sorosoro omukae ga kuru wa." Nikaandika: bibi anangoja gari la kumrudisha nyumbani. Nikapata kosa, kipindi kikaisha, na sikuelezwa. Omukae si kuja kuchukuliwa? (Msomaji, Nakuru)

Sijambo, binti yangu. Nafurahi umeuliza kabla hujapanda ndege. Tangu Aprili 2019 Japani imefungua viza ya wafanyakazi wenye ujuzi maalumu, na kutunza wazee ni mojawapo ya kazi zake. Kwa hiyo sentensi hii itawakuta wengi kama wewe, wakiwa peke yao na bibi chumbani.

Maneno umeyaelewa sawasawa. Mukae ni kumwendea mtu ili umlaki au umchukue, na "o" ya mbele ni ya heshima. Mtoto wa chekechea ana omukae wake mchana, mzee wa kituo ana gari lake jioni. Lakini mzee akisema kuhusu nafsi yake, bila kutaja gari wala mtu, kwamba omukae anakuja, anayekuja ni Buddha Amida. Waumini wake husadiki kwamba mtu anapokata roho Amida hushuka juu ya wingu pamoja na msafara wake kuja kumpokea. Kule Uji, karibu na Kyoto, kuna hekalu la Byoodooin ambalo ukumbi wake wa mwaka 1053 una milango iliyochorwa safari hiyo, na ukumbi wenyewe ndio ule ulio kwenye sarafu ya yen 10. Leo hata asiyeshika dini husema hivyo. Bibi alikuwa anasema: na mimi saa yangu inakaribia.

Angalia jinsi alivyochagua neno. Hakusema mamonaku, kama tangazo la treni. Hakusema iyoiyo, kwa kishindo. Alisema sorosoro: jambo lililojulikana tangu zamani, linakuja taratibu, nami najiweka sawa.

Mimi nililisikia mwaka 1997. Nilikuwa nimepanga chumba cha juu katika nyumba ya mbao huko Ishibashi, kaskazini mwa Osaka, na mwenye nyumba alikuwa bibi aliyepita miaka themanini. Jioni moja ya Novemba tulikuwa tunamenya matunda ya kaki ili tuyaanike barazani. Akasema sentensi hiyohiyo. Sorosoro nilikuwa nimeshaijua, omukae nilikuwa nimejifunza wiki ile, nikadhani mwanawe anakuja kumchukua. Nikamjibu kwa adabu yangu yote, "Ki o tsukete, itterasshai." Itterasshai huambiwa mtu anayetoka nyumbani, na maana yake ni nenda, urudi.

Kisu kilisimama. Alinitazama kitambo kirefu. Kisha akanijibu kama anavyojibu mtu anayevaa viatu mlangoni: "Hona, itte kimasu wa." Haya, nakwenda, nitarudi. Akaniomba kaki nyingine.

Wanafunzi waliponieleza maana yake nilishuka chini nikapiga magoti kumwomba radhi. Alikataa radhi yangu. Alisema kila anayemwambia hivyo humjibu upesi "mada mada desu yo", bado, bado kabisa, na habari inaishia hapo. Hakuna aliyewahi kumwambia arudi. Aliishi miaka minne zaidi.

Sikuambii umwige mgeni aliyekosea. "Mada mada desu yo" ni jibu jema, litumie, wengi hulisema kwa upendo na wazee hulipokea. Ila usilitupe kwa haraka huku unatoka na sinia. Weka sinia chini, kaa, acha aseme la pili. Wengi hulisema kwa wepesi, kama walivyozoea kusema habari za mvua. Lakini ukisikia sauti imebadilika, au chakula kinarudi kilivyo, mwambie msimamizi wako siku hiyohiyo.

Na gari la saa kumi jioni likifika mlangoni, usiingie chumbani ukamwambia bibi "omukae ga kimashita" ukaishia hapo. Taja gari: "Omukae no kuruma ga kimashita yo."